Kadi ya grafiki kwenye kompyuta ya zamani: isome dalili kabla ya kutoa hela

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kama mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zilianza maisha ofisini: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP Compaq Elite 8300, EliteDesk 800 G1. Ndani mna prosesa ya Intel ya kizazi cha 3 au cha 4, mara nyingi Core i5, RAM ya 4GB au 8GB, na picha zote zinachorwa na kitengo kidogo kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Ni mashine ngumu, hazifi kirahisi. Lakini siku mwenyewe anapojaribu gemu zito au kuhariri video ya harusi, swali la kwanza huwa lilelile: "Niweke kadi gani?"

Swali hilo huja mapema mno. Kwenye mashine ya ofisini kadi huichagui peke yako. Pawa saplai ina neno lake, kasha lina lake, sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi kwenye madabodi, nayo ina lake. Na kabla ya hayo yote, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ulilo nalo halihusiani na grafiki hata kidogo. Kwa hiyo tuanze na dalili. Mifano mingi hapa ni ya OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012. Nataja mwaka kwa sababu Dell walilitumia tena jina hilohilo mwaka 2023 kwa mashine ya kizazi cha 13, na watu wanasoma maelezo ya ile mpya kisha wanashangaa mbona yao haina hizo sifa.

Kila kitu kizito, hata kufungua Chrome

Hapa kadi haitakusaidia chochote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa Performance, kisha fanya kazi zako za kawaida huku ukitazama. Disk ikigonga 100% na kukaa hapohapo wakati prosesa inapumzika kwenye 15%, una hadidiski ya kuzunguka ambayo imechoka. Memory ikiwa juu ya 90%, RAM haitoshi na Windows inaazima nafasi kwenye diski. Mara nyingi yote mawili yapo pamoja, na la pili ndilo linalochochea la kwanza.

Dawa ni SSD ya SATA na RAM ya kufikia 8GB au 16GB. RAM yenyewe iwe vijiti viwili vinavyolingana, si kimoja kikubwa. Hili si jambo dogo kwa mashine isiyo na kadi, kwa sababu kitengo cha grafiki cha ndani ya prosesa hakina kumbukumbu yake. Kinakula RAM ya mashine, na vijiti viwili vinakipa njia mbili za kupitishia data. Nimeona watu wakighairi kabisa mpango wa kadi baada ya hatua hii, na wameridhika.

Mashine iko sawa, ila gemu linakatakata

Sasa tunakaribia grafiki, lakini bado kuna mshukiwa mwingine, prosesa. Kuwatenganisha hakuhitaji fundi. Fungua gemu, cheza sehemu ileile mara mbili: kwanza kwa 1920 kwa 1080, halafu shusha hadi 1280 kwa 720. Ikiwa sasa gemu linateleza vizuri, grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa, na kadi itasaidia. Ikiwa hakuna tofauti, prosesa ndiyo inayochelewesha kazi. Kadi ya bei yoyote utakayoiweka itabaki inasubiri.

Unaweza pia kutazama kwa macho. Windows 10 tangu toleo la 1709 inaonyesha grafu ya GPU, yaani chipu ya grafiki, kwenye Task Manager (dirisha lilelile la Ctrl, Shift na Esc). Kwenye 7010 yenye Core i5-3470 usishangae grafu hiyo isipotokea: kitengo chake ni Intel HD 2500, na draiva yake ni ya zamani kuliko inavyohitajika. Pakua GPU-Z, programu ya bure, ufungue ukurasa wa Sensors. GPU ikiwa 98% na prosesa 60%, tatizo ni grafiki. Prosesa ikiwa 100% na GPU inayumba kwenye 40%, kinyume chake.

Kama mshukiwa ni prosesa, na mashine yako ilikuja na Core i3-3220 yenye kori mbili tu, kuna njia rahisi: i7-3770 au hata i5-3470 iliyotumika inakaa kwenye soketi hiyohiyo ya LGA1155. Kwa 9020 ni LGA1150, hivyo i7-4770. Fanya hilo kwanza. Ukiweka kadi nzuri juu ya i3 ya kori mbili, gemu litakuonyesha namba kubwa ukiwa umesimama na kuganda kila unapoingia kwenye umati wa watu.

Halafu angalia gemu lenyewe linataka nini. GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, ilipendekeza GTX 660 ya 2GB; kadi ndogo za leo zinaifikia bila shida. FIFA 23 kwa upande wake inaanzia GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini kabisa. Ukijua gemu lako liko upande gani, nusu ya uamuzi imeisha.

Video zinakwama, au kutoa video iliyohaririwa kunachukua usiku kucha

Hapa watu wengi hununua kadi isiyofaa kwa sababu wanapima nguvu ya gemu tu. Video ina vitengo vyake maalumu ndani ya kadi, kimoja cha kufungua video unayoitazama na kingine cha kutengeneza faili unaporekodi skrini au kutoa kazi uliyohariri. Kadi inaweza kuwa na kimoja na kukosa kingine.

YouTube hutuma video nyingi kwa mfumo wa VP9 na, zaidi na zaidi, AV1. HD 2500 haina kitengo cha kufungua VP9, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote na video ya 4K inakwama. GTX 750 Ti, ambayo bado inasifiwa sana, nayo haina kitengo kamili cha VP9. GT 1030, GTX 1050, 1050 Ti na 1650 wanacho. AV1 ni mpaka RTX 30 na kuendelea kwa upande wa Nvidia, au Intel Arc.

Sasa upande wa kutengeneza faili. GT 1030 haina kabisa kitengo hicho. RX 6400 ya AMD nayo haina. Ukinunua mojawapo ili urekodi gemu kwa OBS, programu ya kurekodi skrini, prosesa yako ya mwaka 2012 ndiyo itakayofanya kazi yote, na gemu litadorora papo hapo. GTX 1050 Ti, GTX 1650, na hata Quadro ndogo, kadi za ofisi za Nvidia, kama P620 wana kitengo hicho. Hili ndilo jambo ambalo muuzaji hatakuambia, si kwa ubaya, ila kwa sababu hata yeye anatazama GB tu.

Kabla ya kununua: fungua kasha

Zima, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu. Kuna vitu vitatu vya kusoma.

Cha kwanza ni kibandiko cha pawa saplai. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa ina 275W; ile ndogo, SFF, ina 240W. 9020 ni 290W kwa kubwa na 255W kwa SFF. Usiishie kwenye namba kubwa. Tafuta mstari wa 12V uzidishe ampia kwa 12. Ikiandikwa 17A, hiyo ni 204W kwa prosesa, kadi, feni na diski pamoja. Core i5-3470 imekadiriwa 77W. Kadi ya 75W inaenea bila wasiwasi. Kadi ya 185W kama RX 580 haienei, hata kama mtu atakuambia kwake inafanya kazi.

Hizo 75W si namba ya kubahatisha. Ndicho kiwango cha juu ambacho sloti ya PCI Express ya urefu wote inaruhusiwa kutoa bila waya wa ziada, na pawa saplai za mashine hizi kwa kawaida hazina waya wa pini 6 wala 8 wa kadi. Kwa hiyo kanuni yako ni kadi isiyo na tundu la waya wa umeme mgongoni. Tena baadhi ya kasha ndogo zimewekewa na mtengenezaji kikomo cha chini ya 75W. Pakua kitabu cha maelezo cha modeli yako usome sehemu ya sloti. Dakika tano tu.

Na kubadilisha pawa saplai yenyewe je? Kwenye 7010 ya kasha kubwa inawezekana, maana madabodi yake inatumia kichwa cha kawaida cha pini 24. Kuanzia 9020 Dell walihamia kichwa chao cha pini 8, na EliteDesk 800 G1 ina kichwa cha HP cha pini 6. Hapo unahitaji waya wa kubadilishia, na ubora wa nyaya hizo sokoni haulingani.

Cha pili ni urefu na unene. SFF inataka kadi fupi yenye bati fupi la nyuma. Muulize muuzaji kama bati hilo lipo, kwa sababu kadi nyingi zilizotumika zimebaki na lile refu tu. Kuhusu unene: kwenye 7010 na 9020 za SFF, sloti ya bluu, ambayo ndiyo ya kasi kamili, imebanana na pawa saplai. Kadi yenye feni nene inayochukua nafasi mbili haiingii hapo. Watu huihamishia kwenye sloti nyeusi ya jirani, ambayo kwa umbo inafanana na ya bluu lakini ndani ina njia 4 tu za data badala ya 16 (x4 badala ya x16). Picha itatoka. Kasi ndiyo itakayopungua.

Cha tatu ni monita yako. 7010 ina VGA na DisplayPort mbili. Kadi za kuanzia GTX 10 hazitoi tena mawimbi ya VGA. Tundu lao la DVI, kama lipo, halina zile pini 4 ndogo zinazozunguka ule upenyo bapa, kwa hiyo adapta ya bei rahisi ya DVI kwenda VGA haitaingia. Kwa monita ya VGA nunua adapta ya HDMI au DisplayPort yenye chipu ndani. Kadi ndogo za ofisi kama Quadro P620 na T600 hutoa mini DisplayPort, hivyo bajeti yako iwe na waya au adapta yake.

Baada ya kusoma hivyo vitatu, orodha hujichuja yenyewe. Kwa kasha kubwa ningechukua GTX 1650 ya 75W, ile isiyo na pini 6 (zipo aina zote mbili, tazama picha ya mgongo), na ikikosekana, GTX 1050 Ti. Kwa Dell ya SFF ningetafuta T600 ya 40W au T1000 ya 50W: ni nyembamba, ni fupi, na ndani zina familia ileile ya chipu ya GTX 1650. Kadi za ofisi kama hizi watu wa gemu huzipuuza, jambo ambalo ni zuri kwa mnunuzi. RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka 2024 ikiwa na 70W, ni nzuri kama hela ipo, lakini kwa i5-3470 utakuwa unalipia nguvu usiyoitumia.

Za kuacha: GT 710 na GT 730 kwa mtu anayetaka gemu. Zinafaa kuongeza monita ya pili, basi. Intel Arc A380 nayo iache kwenye mashine hizi. Inategemea teknolojia iitwayo Resizable BAR, ambayo madabodi hizi hazikutoka nayo kiwandani, na bila hiyo inapoteza nguvu nyingi. RX 6400 ina mtego mwingine: imejengwa kwa njia 4 tu za PCI Express 4.0. Kwenye sloti ya 3.0 njia hizo 4 zinabeba kama 4GB kwa sekunde. Kwenye 2.0 ni 2GB. Na hapa ndipo i3-3220 inaponasa watu, maana ingawa ni ya kizazi cha 3, yenyewe inatoa PCI Express 2.0.

Jihadhari pia na kadi za uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagwa sokoni, zikiwemo P106-100 ambazo hazina tundu hata moja la monita. Bei yake inavutia kwa sababu hiyo.

Umeweka kadi, umewasha, skrini nyeusi

Anza na jepesi. Waya wa monita uko kwenye kadi au bado uko kwenye madabodi? Kadi imeingia mpaka kile kibanio cha mwisho wa sloti kikabofya? Kwenye SFF bati la nyuma likikaa vibaya huinua kadi upande mmoja, na kwa macho inaonekana imekaa. Itoe, futa pini za shaba kwa kitambaa kikavu, irudishe, ibonyeze pande zote mbili.

Kisha sikiliza na utazame. HP Elite 8300 ikipepesa taa nyekundu ya pawa mara 6 kisha ikatulia, inalalamikia grafiki. Ikipepesa mara 5, ni RAM, na pengine uliigusa ulipokuwa unaingiza kadi. Dell wana mpangilio wao. Upo kwenye kitabu cha modeli.

Kama mashine inaonekana kuwaka kabisa, feni zinazunguka, hadi sauti ya Windows inasikika lakini hakuna picha, fikiria BIOS, programu ya ndani ya madabodi inayowasha mashine. Kadi za karibuni zimeandikwa kwa mfumo mpya wa kuwasha mashine uitwao UEFI, na BIOS ya mashine ya kabla ya 2012 huenda isizielewe. Rudisha waya kwenye madabodi, toa kadi, pakua BIOS ya mwisho kutoka tovuti ya mtengenezaji na uiweke. Usifanye hivyo umeme ukiwa unayumba. BIOS ikikatikia njiani madabodi inaweza isiwake tena. Tafuta UPS hata ya kuazima.

Ukiingia BIOS ukakuta tarehe imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 imekufa, na mipangilio yako inafutika kila umeme ukikatika. Ibadilishe kabla hujaendelea. Na tahadhari moja: usibadilishe kutoka Legacy, mfumo wa zamani wa kuwasha, kwenda UEFI kwa kujaribu tu. Windows iliyowekwa kwa Legacy haitawaka tena mpaka diski igeuzwe kwa mbr2gpt, zana ya Windows, au urudishe mpangilio wa zamani.

Inazima ghafla gemu likianza

Si kuganda. Ni kuzima kama mtu amevuta waya. Pawa saplai imezidiwa na imejikinga. Thibitisha kwa kuweka kikomo cha fremu 30 ndani ya gemu: ikiacha kuzima, jibu umelipata.

Mara nyingi ukifungua kasha la mashine ya namna hii unakuta adapta, vichwa viwili vya SATA vimeunganishwa kuwa pini 6, au kibaya zaidi, kimoja. Kichwa cha SATA kina pini 3 za 12V, kila moja ya 1.5A, jumla 54W. Pini 6 ya kadi inaruhusiwa kuvuta 75W. Fanya hesabu. Ukigusa kichwa hicho baada ya nusu saa ya gemu utakikuta cha moto, na plastiki ya pembeni imeanza kugeuka rangi ya chai. Ondoa adapta hiyo leo, hata kama mashine "inafanya kazi".

Kadi inaonekana, ila draiva inakataa

Device Manager inaonyesha alama ya njano na Code 43. Inaweza kuwa mabaki ya draiva ya zamani. Yasafishe kwa Display Driver Uninstaller ukiwa Safe Mode, uweke upya draiva kutoka tovuti ya Nvidia au AMD. Ikirudi, shuku kadi yenyewe.

Kadi feki zipo nyingi, na GTX 1050 Ti ndiyo inayoigwa sana. Kinachofanyika ni kuchukua GTS 450 au GTX 550 Ti, kadi za 2010 na 2011, na kuandika upya BIOS yake ili ijitambulishe kwa jina jingine. Windows inaamini. Draiva ya kweli haiamini, ndiyo maana muuzaji anakupa draiva yake kwenye flashi na kukusihi usisasishe.

Dalili ya haraka iko mgongoni: 1050 Ti inayotoa VGA, HDMI na DVI pamoja inatia shaka kubwa, maana chipu yake halisi haina VGA. Pini 6 peke yake si ushahidi, kwa kuwa baadhi ya 1050 Ti za kweli zinayo. Ila VGA na pini 6 kwa pamoja, ondoka. Ukiwa bado dukani omba iwekwe kwenye mashine, fungua GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo inaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za namna hii. Usipoliona, soma mwenyewe: chipu iwe GP107 na shader, yaani vitengo vidogo vya kuchora, ziwe 768. Ukiona GF106 au GF116 na shader 192, umeshaelewa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwambia, "Kaka, naomba tuichungulie kidogo kwanza." Anayekasirika amekujibu.

Kadi ni ya kweli, ila hakuna tofauti

"Kaka, nimeweka ile 1050 Ti, mbona gemu ni lilelile?"
"Waya wa monita umechomeka wapi?"
"Palepale pa siku zote."

Hii ni asilimia kubwa ya simu za namna hii, na hakuna aibu. Ikiwa siyo hiyo, fungua GPU-Z usome mstari wa Bus Interface ukiwa umeanzisha mzigo (kuna alama ndogo ya kuuliza pembeni yake, ibofye). Ukiona x4 wakati kadi ni ya x16, iko kwenye sloti nyeusi. Ukiona toleo la PCI Express ni 1.1 bila mzigo, usiogope; kadi hupunguza kasi ikipumzika.

Kwa GT 1030 angalia aina ya kumbukumbu. Ya 2017 ina GDDR5, ya 2018 ina DDR4, na jina kwenye boksi ni lilelile. Ya kwanza inapitisha 48GB kwa sekunde, ya pili kama 17. Tofauti kwenye gemu ni kubwa kiasi kwamba zisingepaswa kuitwa jina moja.

Inaanza vizuri, baada ya muda inadorora

Joto. Kasha la ofisini lilipangwa kwa mashine isiyo na kadi. Hewa inaingia mbele kidogo na kutoka nyuma kidogo, na mashine ya mtumba huwa imebeba vumbi la miaka. Tazama PerfCap Reason kwenye GPU-Z. Ikiandika Thrm, na nyuzi zimefika 83 au zaidi, kadi inajipunguza ili isiungue. Puliza vumbi, badilisha thermal paste, toa kava la mbele ujaribu. Ikiandika Pwr, kadi imefika kikomo chake cha umeme, na kwa kadi za 75W hilo ni la kawaida.

Vijimraba vya rangi, mistari, skrini kama imechanika

Badilisha waya kwanza. Kisha jaribu kadi kwenye mashine nyingine. Alama zikihama nayo, kumbukumbu ya kadi au solda yake inakufa. Kuna mafundi watakaokuambia waichome kwa hot gun. Itapona wiki mbili, pengine mwezi, kisha itarudi kulekule. Usinunue kadi ambayo muuzaji anasema "ilisharekebishwa" kwa njia hiyo.

Kadi nzima, gemu jipya linakataa kufunguka

Hapa umri wa mashine unasema wazi. Baadhi ya magemu mapya yanadai maagizo ya AVX2 kwenye prosesa. Kizazi cha 4 kinayo, cha 3 hakina, na hakuna kadi inayoyaongeza. Ndiyo sababu nikiulizwa kati ya 7010 na 9020 kwa bei zinazokaribiana, nasema 9020, licha ya kichwa chake cha ajabu cha pawa saplai.

Kuna na suala la draiva. Nvidia waliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa familia za GTX 750 Ti, 900 na 10 Oktoba 2025. Zilizobaki kwao ni za usalama tu, hadi Oktoba 2028. GTX 1650, T600 na T1000 ni za familia ya Turing, hivyo haziguswi na hilo. Ikiwa bei ya 1050 Ti na 1650 zinapishana kidogo, hapo ndipo pa kuongeza hela.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2025, tarehe 14, Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel. Inawezekana kuilazimisha kwenye mashine hizi, lakini Valorant, kwa mfano, kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), na 7010 haina TPM 2.0. Kama hilo ndilo gemu lako, baki Windows 10 au weka hela ya kadi kwenye mashine ya kizazi cha 8, maana kwa Valorant hata kitengo chake cha ndani, UHD 630, kitakufikisha mbali.